Gari la Kulala na Sumu Isiyonuka

Je, umenunua Kombi kuukuu ukaitia vitanda na jiko la gesi ili familia ilale humo safarini? Ni vyema, lakini kabla ya kupaka rangi mpya, kagua hewa mtakayovuta usiku.

Wenye magari haya hupenda kuziba kila tundu ili kuzuia vumbi na mbu. Hapo ndipo hatari huanza. Jiko, friji ya gesi au bomba la moshi lililotoboka huweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa ingawa unapumua. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, na wengi hudhani ni malaria. Mimi mwenyewe niliwahi kumpima mgonjwa malaria mara mbili kabla sijamwuliza alikolala. Mkiumwa kichwa nyote kwa pamoja, bila homa, tokeni nje mara moja na mwende hospitali.

Acha tundu la hewa juu na jingine sakafuni, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Mbu watazuiwa na wavu. Mpira wa gesi uliopasuka ubadilishwe. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi. Na jiko la makaa, hata likionekana limezimika, lilale nje.