Asiye na ukuni alete magunzi

MWANAFUNZI wangu wa darasa la nne alisimama mlangoni mikono mitupu. Utaratibu wa shule yetu ulikuwa kila mtoto aje na ukuni mmoja wa kupikia chakula cha mchana. Nilimrudisha nyumbani. Usiku nikamkumbuka mama, usingizi ukanipaa.

Nilikimbia Burundi mwaka 1993 nikiwa na miaka 12, nikasoma katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, Tanzania. Siku za kuni mama alitoka alfajiri, nami sikutulia darasani mpaka arudi salama. Kuni zilitugombanisha na wenyeji: sisi tulitaka kupika, wao waliona msitu wao unaisha. Kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012, nilikuwa nimekwisha kurudi Makamba, na nilikuta vilima vyetu navyo vina upara.

Ndipo nikaanza kutengeneza mkaa mbadala. Mara ya kwanza niliaibika. Nilichukua vumbi la mbao kwa seremala, nikalichanganya na udongo mwingi ili lishikane, nikauza baada ya siku mbili tu. Mama mmoja muuza maharage sokoni alinirudishia mfuko mzima.

"Mwalimu, moshi wake unashinda kuni, na jiko limejaa majivu," alisema. Nikamrudishia fedha zake.

Alikuwa na haki. Vumbi sikulichoma kwanza, udongo hauwaki, na mzigo haukukauka.

Sasa natumia zaidi magunzi ya mahindi. Yakiwa makavu, nayajaza kwenye pipa lililotobolewa chini na kuyawasha. Moshi mzito ukipungua, nafunika pipa na kuziba kila tundu kwa udongo. Hewa ikiingia, asubuhi utakuta majivu matupu.

Makaa yakishapoa huyatwanga, huyachekecha na kuyachanganya na uji mzito wa muhogo. Kwangu kilo moja ya unga wa muhogo hutosha kilo 10 hivi za unga wa mkaa. Asiye na mashine hushindilia kwenye kopo au hufinyanga kwa mikono. Kisha huanikwa juani siku tatu hadi tano. Ndiyo maana kazi hii naifanya hasa Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi.

Wengi huniuliza kuhusu pumba za mpunga. Zinafaa, ila majivu yake hukaribia moja ya tano ya uzito wake, hivyo moto wake ni hafifu. Zichanganye na magunzi au maganda ya kahawa.

Nanyi wafanyabiashara wa Mugina na Manyovu, kabla ya kulipa, vunjeni kipande kimoja. Kikiwa na unyevu ndani, acheni mzigo huo. Mtalipia maji kwenye mizani, na njiani juu ya baiskeli utageuka unga. Wanunuzi wenu pia waambieni ukweli: mkaa huu huchelewa kushika moto, lakini ukishashika hudumu.

Jambo moja si la mzaha. Kama mkaa wa miti, mkaa huu nao hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usiwashe jiko katika chumba kilichofungwa, wala usilale nalo ndani.

Sitawadanganya kwamba tumeachana na kuni. Sufuria kubwa ya maharage ya shule bado inadai moto mkali, na mkaa wetu hautoshi kila siku. Lakini ndugu zangu mliorudi kutoka Nduta na Nyarugusu, msiyachome magunzi shambani baada ya kupukuchua. Yawekeni pakavu.

Shuleni kwetu asiye na ukuni sasa huleta magunzi. Asiye na chochote huingia darasani, akasoma. Mimi simrudishi tena mtu mlangoni.