Daftari la Wauguzi wa Uvira

Maji ya robine yakikatika Kimanga, mtaa wa Uvira, watu hawakai wakiyangoja. Bidoni zinashuka ziwani. Mji huu wa mashariki mwa Kongo umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, kwa hiyo maji ya kuchota hayako mbali, ila si maji ya kunywa. Je, kipindupindu kinapanda kweli siku robine zinapokauka, au watu wanaunganisha mambo mawili yaliyokutana tu? Mwaka 2015 swali hilo lilijibiwa kwa hesabu, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo ilitoka katika daftari la wauguzi.

Katika kituo cha kutibu kipindupindu, mgonjwa akiletwa, muuguzi hubana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ikibaki imesimama bila kurudi upesi, mwili umekaukiwa vibaya. Muuguzi anatafuta mshipa, anatundika seramu, anamlaza mgonjwa kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, ili kinachotoka kipimwe na kurudishwa kwa kiasi kilekile. Kisha anaandika: tarehe, umri, mtaa anakotoka, hali aliyofika nayo. Mstari mmoja kwa kila mgonjwa, hata usiku wa msongamano.

Aurélie Jeandron na wenzake wa chuo cha afya ya jamii na tiba za kitropiki cha London walichukua mistari hiyo ya mwaka 2009 hadi 2014, wagonjwa 5,745, wakailinganisha na kumbukumbu za Regideso, kampuni ya maji ya bomba, za maji yaliyozalishwa kila siku. Siku isiyo na maji kabisa ilifuatiwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155 likilinganishwa na siku ambayo mtambo ulifanya kazi vizuri. Karibu asilimia 23 ya wote waliopokelewa walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. Mitaa iliyotumia zaidi maji ya Regideso ndiyo iliyotikiswa zaidi yalipokatika, na si ajabu: aliyezoea kuchota ziwani kila siku hana cha kupoteza robine ikikauka.

Siku 12 zinaeleweka ukijua tabia ya ugonjwa wenyewe. Bakteria wa kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5 kumwangusha mtu, kisha mtu huyo huwaambukiza wa nyumbani mwake. Sumu yao inalazimisha ukuta wa utumbo kumwaga chumvi bila kukoma, na maji yanaifuata chumvi. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Lakini kuna mlango mmoja wa utumbo ambao sumu hiyo haiugusi, ule unaoingiza sukari pamoja na chumvi. Daktari Dilip Mahalanabis alitegemea mlango huo mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko India, seramu ilipomwishia. Aliwapa ndugu wa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Daftari la Uvira lilikuwa na upungufu wake. Liliandika wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu, na kuhara kuna visababishi vingi. Mwaka 2016 wagonjwa walianza kupimwa kwa kijiti cha majibu ya haraka, ikaonekana kwamba walioambukizwa kweli ni chini ya nusu. Kwa mtafiti, kijiti hicho kina thamani kubwa kuliko mashine nyingi za bei kubwa, kwa sababu kinatenganisha ugonjwa na ugonjwa palepale kitandani.

Thamani yake ilionekana baada ya 2020. Aprili mwaka huo mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu, na miezi michache baadaye watu wa Uvira wakapewa chanjo ya kunywa. Oktoba 2022, chanjo ilipokuwa adimu duniani, Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliamua kampeni za dharura zitoe dozi moja badala ya mbili. Dozi moja inakinga kwa muda gani? Espoir Bwenge Malembaka wa Bukavu na wenzake waliwalinganisha wagonjwa wa Uvira waliothibitishwa kuwa na kipindupindu na majirani zao wazima. Matokeo yao ya 2024 yanaonyesha kwamba dozi moja bado ilizuia karibu nusu ya kesi, hata mwaka wa tatu baada ya kampeni. Dunia ilipata jibu hilo kutoka mji ambao wengi hawajausikia.

Katika haya yote, kinachonikera ni kuona muuguzi anahesabiwa kuwa mkusanya takwimu, na fikra zinaachiwa wengine. Tanzania inatoa mfano mzuri wa kinyume. Sebalda Leshabari, mkunga aliyekuja kuwa mkuu wa skuli ya uuguzi ya Muhimbili, aliwachunguza wauguzi wa Kilimanjaro waliowashauri akina mama wenye virusi vya ukimwi jinsi ya kulisha watoto wachanga. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, yeye na wenzake walikuta wauguzi wamelemewa, kwa sababu wao wenyewe hawakuwa na hakika na ushauri waliotakiwa kuutoa. Naamini iliwezekana kuliona hilo kwa kina kwa sababu muulizaji alikuwa ameshakaa kwenye kiti kilekile.

Mwanafunzi wa uuguzi anayefanya mazoezi Uvira angefaa kufundishwa takwimu kwa daftari la hospitali yake, kabla ya mifano ya vitabu vya mbali. Aanze kwa kuongeza safu mbili tu: saa kuhara kulipoanza, na saa mgonjwa alipofika. Akizipanga kwa mitaa, Kimanga, Kasenga, Kavimvira, ataona wapi wagonjwa wanachelewa kuletwa, na wapi paandaliwe sehemu ya kunyweshea maji ya chumvi na sukari kabla mvua hazijaanza.