Taa Inayodanganya Jicho la Mkereza Mbao

Washa balbu ya bei rahisi juu ya mashine ya kukereza, mota ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kisha kitazame kishikio chenye taya nne kinachoubana mti. Utaapa kimesimama. Sogeza kidole, hutasahau.

Umeme wetu hugeuka mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na balbu duni hupepesa kwa mwendo huohuo. Mizunguko 1,500 kwa dakika ni 25 kwa sekunde, kwa hiyo katika kila mzunguko balbu humulika mara nne, na kila inapomulika taya moja imeshakaa mahali pa mwenzake. Mota nyingi huenda pungufu kidogo, kama 1,450. Hapo taya huonekana zikirudi nyuma taratibu, kama mashine iliyozimwa.

Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ziliishi kwa jenereta za dizeli hadi gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022, na vijijini wengi walijitegemea kwa sola. Sasa fundi wa Titye, wilayani Kasulu, akivuta umeme, kitu cha kwanza kutupwa stoo ni ile taa ya sola. Asiitupe! Taa ya volti 12 inayokula betri moja kwa moja kwa kawaida haipepesi. Gridi iendeshe mota, sola imulike mti. Na umeme ukikatika ghafla, hutabaki gizani na gogo bado linazunguka.

Anayetaka balbu ya gridi aombe iwashwe dukani, aielekezee kamera ya simu kwa karibu. Mistari myeusi ikitembea kwenye kioo, airudishe.

Mahali pa kufunga taa ni suala zito kuliko wati. Taa ya katikati ya dari, ambayo karibu kila banda linayo, humsaliti mkereza: akiinama, kichwa chake hutia kivuli palepale patasi inapokula. Iache imulike chumba, lakini ongeza nyingine ng'ambo ya mashine, chini, mwanga ulambe ubavu wa mti. Mguu wa kitanda ulioonekana laini utaonyesha kila mkwaruzo wa msasa. Heri uuone wewe kuliko mteja, sebuleni kwake, asubuhi dirisha likiwa wazi. Kwa bakuli, tafuta taa ya shingo inayopinda, iingize mwanga ndani.

Kwa mwanga wa mchana, toboa dirisha upande wa kusini. Titye iko kusini mwa ikweta, na tangu mwisho wa Machi hadi Septemba jua hupita kaskazini, hivyo miezi hiyo mwanga wa kusini hubaki mtulivu, hauchomi macho.

Kuhusu rangi: mninga una moyo wa kahawia na tabaka la nje jeupe lenye umanjano. Chini ya balbu ya njano tofauti hiyo hufifia, ukapaka vanishi ukidhani vipande vimelingana. Chagua iliyoandikwa 4000K au 5000K, na kama boksi lina Ra, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, iwe 90 kwenda juu.