Mkato na nukta: Kiswahili kimoja, hesabu mbili

Mzazi aliyesoma Bukavu, akijaza fomu ya kliniki mjini Louisville, huenda akaandika kuwa mwanawe ana kilo 12,5. Hajakosea. Shuleni kwao mkato ndio unaotenga kilo nzima na sehemu yake, kama wafanyavyo Wafaransa na Wabelgiji. Kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani, hata hivyo, mkato hutenga maelfu. Baadhi ya programu huufuta kimyakimya, na mtoto akasajiliwa kuwa na kilo 125. Dawa za watoto hupimwa kwa uzito.

Columbus na Buffalo hali ni hiyo hiyo: Wakongo na Warundi waliopokewa kama wakimbizi hukutana na Wakenya na Watanzania, wakaelewana vizuri hadi watakapoandika tarakimu. 1.500 kwa mtu wa Goma ni elfu moja na mia tano. Kwa mtu wa Tanga ni moja na nusu.

Mafundi wa kompyuta wanalijua hilo. Katika CLDR, mkusanyo wa kanuni za lugha na nchi unaotunzwa na taasisi ya Unicode, Kiswahili kina sw-TZ, sw-KE, sw-UG na sw-CD. Cha Kongo hutumia mkato kwa desimali na nukta kwa maelfu. Cha Tanzania ni kinyume chake. Ofisi inayojivunia fomu ya Kiswahili, bila kuuliza Kiswahili cha wapi, imefanya nusu ya kazi.

Kanzidata yapasa kuhifadhi namba kama namba, bila mapambo. Alama huwekwa mwishoni, msomaji anapoonyeshwa, kwa kanuni za nchi yake. Naye akiandika, asomwe kwa kanuni hizo hizo. Katika PostgreSQL, kwa mfano, herufi D na G ndani ya amri ya to_char husimama badala ya alama hizo, na hubadilika kufuata eneo lililochaguliwa. Lakini matokeo ya amri hiyo ni maandishi, si namba tena. Ukiyapanga, 1,500 itatangulia 900, kwa kuwa moja hutangulia tisa.

Mwaka 2003, Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo uliruhusu mkato au nukta kwa desimali, lakini ukakataza zote mbili katika kutenga maelfu. Hapo iachwe nafasi tupu. Mabenki na maduka yameendelea na mazoea yao.

Anayejaza fomu kwa mkono anaweza kuikwepa alama yenyewe: kilo 12 na gramu 500.