Seva za akiba za majina zinapozimika pamoja na zile kuu

JUMATATU ya Oktoba 4, mwaka 2021, ilipokaribia saa moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita. Wengi walidhani vifurushi vyao vimekwisha.

Chanzo cha kutoweka huko kilihusu seva za majina. Kompyuta hutambuana kwa tarakimu, na seva hizo ndizo hugeuza jina la tovuti kuwa tarakimu, mithili ya kitabu cha namba za simu. Zikinyamaza, tovuti haipatikani hata kama yenyewe ni nzima. Ndiyo maana kila jina huandikishiwa seva zaidi ya moja. Facebook ilikuwa nazo nne.

Kwa mujibu wa maelezo ya kampuni hiyo, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mawasiliano yote kati ya vituo vyake vya data, na programu iliyopaswa kuizuia ilikuwa na kasoro. Seva za majina zenyewe hazikuharibika. Zilipangwa kujiondoa kwenye intaneti pindi zisipovifikia vituo hivyo. Ni utaratibu wa busara iwapo seva moja tu imepata hitilafu. Siku hiyo zilijiondoa zote. Mafundi walilazimika kwenda vituoni wenyewe, ambako ulinzi mkali uliwachelewesha, huku zana zao nyingi za kazi zikiwa zimekwama kwa kutegemea majina yale yale.

Fundi anayekabiliwa na hali kama hiyo hutakiwa kwanza kupima kutoka nje ya mtandao wake, hata kwa intaneti ya simu ya mkononi. Kwa kutumia programu kama nslookup au dig, huiuliza kila seva kwa tarakimu zake badala ya jina. Zote zikikaa kimya kwa wakati mmoja, yafaa achunguze njia ya mawasiliano kabla ya kuzigusa seva.

Seva ya akiba ikijibu, bado haijaaminika. Hulinganishwa namba ya toleo la kumbukumbu zake na ile ya seva kuu. Ikiwa ndogo, inatoa habari zilizopitwa na wakati. Aidha, seva ya akiba isiyoifikia seva kuu kwa muda uliowekwa, ambao mara nyingi ni wiki moja au zaidi, huacha kabisa kulijibia jina hilo.

Tangu mwaka 1997, mwongozo wa kitaalamu uitwao RFC 2182 ulishauri seva hizo zitawanywe katika maeneo na mitandao tofauti. Hata hivyo, Januari 2001 seva zote nne za Microsoft zilikuwa ndani ya mtandao mmoja. Fundi alipokosea mipangilio ya ruta, tovuti za kampuni hiyo zilikosekana kwa zaidi ya saa 22. Baada ya hapo Microsoft iliikabidhi kampuni ya Akamai kazi ya kuendesha seva za akiba nje ya mtandao wake.