Reli ya Mafuta ya Zeituni Iliyogeuzwa Njia ya Baiskeli

Kusini mwa Uhispania, katika eneo la Andalusia, kuna njia ya kilomita 128 ambayo magari na pikipiki hayaruhusiwi kuifuata. Inaanzia mji wa Jaén na kuishia Puente Genil. Karibu safari yote imepita katika vilima vilivyopandwa mizeituni, mstari kwa mstari, hadi macho yanapokoma. Wenyeji huiita Vía Verde del Aceite, yaani Njia ya Kijani ya Mafuta. Watumiaji wake ni waendesha baiskeli, watembea kwa miguu, watu wenye viti vya magurudumu na wazazi wanaosukuma watoto wachanga.

Tunaieleza hapa kwa sababu kila bajeti ya barabara inapojadiliwa, swali la mahali pa mwendesha baiskeli hurudi, na jibu huwa lilelile: hakuna ardhi. Waandalusia walikuwa na ardhi hiyo tayari. Ilikuwa imelala chini ya reli.

Reli yenyewe ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 ili kuunganisha Linares na Puente Genil. Ilisafirisha madini ya risasi kutoka migodi ya Linares na mafuta ya zeituni kutoka mashambani, na ndiyo maana ikajulikana kama Treni ya Mafuta. Mkoa wa Jaén pekee una mizeituni zaidi ya milioni 60, na Uhispania ndiyo mzalishaji mkubwa zaidi wa mafuta hayo duniani. Hata hivyo, malori yalipopata barabara nzuri, treni ilikosa mizigo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 njia ilikuwa imefungwa.

Haikuwa peke yake. Mwaka 1993 Uhispania ilihesabu zaidi ya kilomita 7,600 za reli zisizokuwa na treni. Mwaka huohuo ulianzishwa mpango wa Njia za Kijani, unaoratibiwa na Wakfu wa Reli za Uhispania, ili kuzigeuza reli hizo kuwa njia za miguu na baiskeli. Leo nchi hiyo ina zaidi ya kilomita 3,000 za njia za aina hiyo.

Kwa nini reli, na si barabara yoyote ya zamani? Jibu liko katika mteremko. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza haraka panapokuwa na mwinuko, kwa hivyo wahandisi wa treni za mvuke walijitahidi wasipandishe zaidi ya mita 2 au 3 kwa kila mita 100. Kilima kikiwa mbele, walikizunguka, wakakikata au wakakitoboa. Bonde likiwa mbele, walijenga daraja. (Ni sababu hiyohiyo inayofanya reli yetu ya zamani ijipinde kama nyoka inapoteremka Bonde la Ufa.) Kazi hiyo nzito, iliyofanywa kwa ajili ya injini ya makaa, sasa inamfaa mtu yeyote mwenye miguu ya kawaida. Mzee wa miaka 70 anaweza kuvuka nchi ya vilima bila kushuka kwenye baiskeli na kuisukuma. Yeyote aliyewahi kupandisha mitungi ya maziwa kwa baiskeli asubuhi anajua tofauti kati ya mwinuko wa 2 kwa 100 na wa 10 kwa 100.

Faida ya pili haionekani kwa macho. Tuta la reli lilishindiliwa kwa uzito wa treni kwa miaka mingi, na lina makalvati na mitaro ya kupitisha maji. Njia ya baiskeli haihitaji kujengwa upya kuanzia chini. Vyuma na mataruma huondolewa, uso husawazishwa, kisha hutandazwa changarawe ndogo iliyoshindiliwa, karibu sawa na murram yetu nzuri kabla mvua haijaikata. Kuna sehemu zenye lami, lakini changarawe inatosha kwa baiskeli yenye tairi pana kiasi. Kinachogharimu zaidi ni madaraja. Njia hii ina madaraja makubwa ya chuma, na lile la mto Guadajoz, kwenye mpaka wa mikoa ya Jaén na Córdoba, lina urefu wa takriban mita 200. Yaliwekewa sakafu na vizuizi vya pembeni, na sasa mtoto anapita kwa baiskeli mahali palipojengwa kwa ajili ya mabehewa.

Lakini jambo ambalo sisi tulio katika serikali za mashinani tungefaa kulitazama kwa makini zaidi ni la hati za ardhi. Reli ilipofungwa, ukanda wake haukugawanywa vipande vipande. Ulibaki mali ya shirika la umma la reli, ambalo huukodisha kwa serikali za mikoa na manispaa. Wizara ya mazingira ya nchi hiyo imekuwa ikichangia fedha za ujenzi, nazo serikali za mashinani hubeba mzigo wa matunzo. Kwa mpango huo manispaa haidai umiliki, shirika la reli halipotezi mali yake, na mwananchi anapata njia. Siku serikali ikitaka kurudisha treni, ukanda bado uko mzima. Ukanda uliokatwa katikati na nyumba tatu na kituo kimoja cha mafuta si ukanda tena. Hauwafai wenye treni wala wenye baiskeli.

Stesheni nazo hazikuachwa zibomoke. Ile ya Luque sasa ni mkahawa, na pale Doña Mencía unaweza kukodi baiskeli. Karibu na Zuheros njia inapita chini ya kijiji cheupe chenye ngome juu ya mwamba, na msafiri anayepanda huko huacha pesa kidogo kwa chakula, jibini na chupa ya mafuta. Si utajiri wa kujenga viwanda. Ni kipato cha ziada katika vijiji ambavyo kazi nyingi huwa ya msimu wa mavuno, kuanzia Novemba hadi katikati ya majira ya baridi.

Mfano wa ajabu zaidi uko magharibi kidogo, kati ya Olvera na Puerto Serrano. Huko wajenzi wa miaka ya 1920 walitoboa mahandaki 30 na kujenga madaraja makubwa manne katika kilomita 36 hivi, kisha mradi ukakwama. Hakuna treni hata moja ya abiria iliyowahi kupita. Mradi uliokuwa aibu ya umma kwa miongo mingi ukaja kuwa Vía Verde de la Sierra, mojawapo ya njia zinazopendwa sana nchini humo, yenye stesheni zilizogeuzwa hoteli. Nadhani hakuna kaunti isiyokuwa na jengo au daraja lililokwama ambalo lingetamani bahati kama hiyo.

Zipo kasoro pia. Majira ya joto, jua la Andalusia halina huruma na mizeituni haitoi kivuli kikubwa, kwa hivyo anayesafiri bila maji hujuta. Wakulima wana haki ya kuvuka kwa trekta kwenda mashambani, na mavuno yakipamba moto sharti mwendesha baiskeli ajihadhari. Mvua kubwa huharibu uso wa changarawe kila mara, na matunzo yasipotengewa fedha kila mwaka njia huharibika. Tena njia ya namna hii hupita reli ilipopita, si lazima iwe kule mwanafunzi au fundi anakokwenda kila siku. Haiwezi kuchukua nafasi ya kijia salama kando ya barabara kuu.

Je, hapa kwetu? Mzeituni si mgeni. Ule mti mgumu wa misitu ya nyanda za juu, mutamaiyu kwa Wakikuyu na oloirien kwa Wamaasai, ni mzeituni mwitu. Wataalamu wa mimea wanauhesabu kuwa wa spishi moja na ule wa Jaén, ingawa matunda yake madogo hayakamuliwi kibiashara. Changarawe nayo tunayo tele, na tangu mwaka 2021 mbio za baiskeli za Migration Gravel Race zimewaleta waendeshaji wa kimataifa kwenye barabara za vumbi za Mara.

Reli ni suala tofauti. Chini ya Jadwali la Nne la Katiba, reli ni jukumu la serikali ya kitaifa, na kaunti haiwezi kugusa ukanda wake bila makubaliano. Baadhi ya matawi ya zamani yamefufuliwa, kama lile la Nairobi hadi Nanyuki mwaka 2020, na hilo liliwezekana kwa sababu ardhi bado ilikuwepo. Kilicho mikononi mwa kaunti ni barabara za kaunti, bustani na sehemu za burudani, utalii wa mashinani na mipango ya matumizi ya ardhi. Kwa hivyo kaunti inaweza kukataa kuidhinisha majengo juu ya ukanda wa reli, na inaweza kutenga njia ya baiskeli inapochora barabara zake yenyewe.

Mwananchi anayetaka njia ya miguu au ya baiskeli katika wadi yake alete pendekezo mapema. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Pendekezo likieleza njia inaanzia wapi, inaishia wapi na ardhi hiyo ni ya nani, maafisa wa mipango huwa na mahali pa kuanzia. Ofisi ya msimamizi wa wadi hupokea mapendekezo hayo kwa maandishi.