Kufuatilia Nasaba za Marafiki wa Uingereza: Makaburi, Madaftari na Hesabu ya Miezi

1. Utangulizi

Jamii ya Kidini ya Marafiki, ambao huitwa pia Wakwekeri, ilizaliwa Uingereza katikati ya karne ya 17 kutokana na mahubiri ya George Fox (1624–1691). Wafuasi wake walikataa mambo mengi yaliyohesabiwa kuwa ya lazima katika dini ya wakati ule: hawakuwa na kasisi, hawakubatiza watoto, hawakula kiapo, na walikataa kulipa zaka. Kwa hiyo mtu anayetafuta babu zake wa Kikwekeri katika madaftari ya ubatizo ya parokia aghalabu hurudi mikono mitupu.

Hata hivyo, ni jamii chache za zama hizo zilizoandika habari zao kwa bidii kama Marafiki. Sababu yake ni wazi. Aliyezaliwa, kuoa na kuzikwa nje ya kanisa la dola alihitaji ushahidi mwingine ili mtoto asiitwe haramu na mjane asinyang'anywe urithi. Maandishi yalikuwa kinga yao. Makala haya yanaeleza jinsi makaburi na maandishi hayo yanavyosomwa, na mitego inayomngojea msomaji. Mtego mmojawapo, yaani ule wa tarehe, unawahusu kwa namna ya pekee wasemaji wa Kiswahili.

2. Makaburi yasiyo na majina

Anayeanza utafiti hudhani kwamba kaburi ndilo shahidi wa kwanza. Kwa Marafiki mara nyingi si hivyo. Mwaka 1717 Mkutano wa Mwaka, ulio baraza lao kuu, uliyakataza mawe ya makaburi kuwa ni majivuno, na ukaagiza yale yaliyokwisha kusimamishwa yaondolewe. Agizo hilo lilikaririwa mwaka 1766. Ni mwaka 1850 tu ndipo mawe yaliporuhusiwa, kwa sharti kwamba yawe sahili na ya namna moja, yakitaja jina, umri na tarehe ya kufa, ili tajiri asipambanuke na maskini. Kwa hiyo uwanja wenye mawe kumi unaweza kuwa umewahifadhi mamia ya wafu.

Mfano ulio maarufu ni Jordans, katika jimbo la Buckinghamshire, alikozikwa William Penn (1644–1718), mwanzilishi wa Pennsylvania. Mawe yanayoonekana hapo leo yaliwekwa katika karne ya 19, zaidi ya miaka mia moja baada ya mazishi yake. Mwaka 1881 ulitoka Pennsylvania ujumbe wa kuomba mabaki yake yahamishiwe Marekani. Marafiki walikataa, na hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba hapakuwa na hakika kamili ni kaburi lipi lililo lake. Ikiwa mtu mashuhuri kiasi hicho hakuweza kuoneshwa kwa kidole, mfumaji au mkulima wa kawaida atapatikana kwa shida kubwa zaidi.

Huko London uwanja wa Bunhill Fields ulinunuliwa na Marafiki mwaka 1661, ukatumika hadi mwaka 1855. Fox mwenyewe alizikwa hapo. Sehemu kubwa ya uwanja huo leo ni bustani na majengo, na wafu wake wamebaki katika karatasi tu.

Tahadhari mbili zinafaa kutajwa hapa. Kwanza, katika viwanja vingi wafu walizikwa kwa safu kwa kufuata mpango wa kufa, si kwa jamaa. Basi jirani wa kaburini si lazima awe mke, mume wala ndugu. Pili, kuzikwa katika uwanja wa Marafiki si uthibitisho wa uanachama, kwani watu wasio wanachama nao waliweza kupokewa humo.

3. Madaftari na vyeti

Kazi yenyewe hufanyika katika nyaraka. Jamii ya Marafiki ilipangwa kwa ngazi: Mkutano wa Mwezi, Mkutano wa Robo Mwaka, kisha Mkutano wa Mwaka. Mkutano wa Mwezi ndio uliosimamia uanachama, ndoa na mazishi, nao ndio ambao mtafiti hana budi kuutambua kwanza. Asiyejua babu yake alikuwa chini ya Mkutano gani ni kama mtu aliyeingia sokoni bila kujua anunue nini.

Tangu mwaka 1776 vitabu vya kuandikia vilipigwa chapa kwa muundo mmoja, na mambo yakaandikwa katika nakala mbili. Kwa mazishi, hati ndogo ilipelekwa kwa mchimba kaburi ikimwamuru alitayarishe, naye aliirudisha ikiwa imethibitisha siku ya maziko. Kutokana na hati hizo daftari lilijazwa jina, umri, makao, siku ya kufa, siku ya kuzikwa na uwanja wenyewe, pamoja na kueleza kama marehemu hakuwa mwanachama. Jiwe lililokatazwa juu ya kaburi lilipata hivyo mbadala wake kitabuni.

Serikali ya Uingereza ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwaka 1837, na mwaka 1840 Marafiki waliyakabidhi madaftari yao ya zamani. Sasa yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew, katika fungu RG 6. Kabla ya kuyatoa, Marafiki walitengeneza muhtasari uliopangwa kwa herufi za majina, na nakala yake imo katika Maktaba ya Jamii ya Marafiki mjini London. Muhtasari huu ni njia ya mkato iliyo nzuri, lakini hauna majina ya mashahidi wa ndoa. Kwa hayo, sharti kurejea asili.

Na mashahidi hao ni hazina. Katika ndoa ya Marafiki bwana na bibi hutoa ahadi mbele ya mkutano, kisha waliohudhuria hutia sahihi katika cheti, jamaa wakiwekwa mahali pao penyewe. Ndoa hizo ziliachwa nje ya sheria ya ndoa ya mwaka 1753, pamoja na zile za Wayahudi, na hivyo zikaendelea kufungwa kwa desturi hiyo. Cheti kimoja chaweza kumpa mtafiti wajomba, mashangazi na binamu ambao hakuna jiwe lolote linalowataja.

4. Hesabu ya siku na miezi

Marafiki hawakutaka kutumia majina ya siku na miezi yatokanayo na miungu ya kale. Walihesabu tu: Siku ya Kwanza, Siku ya Pili; mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Msemaji wa Kiswahili atajiona yuko nyumbani, na hapo ndipo anapoweza kupotea. Siku ya Kwanza ya Marafiki ni Jumapili, na Siku ya Pili ni Jumatatu. Kiswahili huanza kuhesabu baada ya Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi ndiyo ya kwanza. Tofauti ya siku moja hudumu hadi Siku ya Nne, ambayo ni Jumatano. Hesabu mbili hukutana katika Alhamisi, kwa kuwa neno hilo la Kiarabu lina maana ya siku ya tano, ikihesabiwa tangu Jumapili, sawasawa na Siku ya Tano ya Marafiki.

Miezi ina hatari kubwa zaidi. Hadi mwaka 1751 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, na mwezi wa kwanza wa Marafiki ulikuwa Machi. Mwezi wa kumi ulikuwa Desemba, na mwezi wa kumi na mbili Februari. Anayejua Kifaransa au Kilatini ataona ushahidi katika majina yenyewe, kwani Septemba hadi Desemba yatokana na saba, nane, tisa na kumi. Tangu Januari 1752 mwezi wa kwanza ukawa Januari. Mwezi wa Septemba wa mwaka huo ulipunguzwa siku 11: baada ya tarehe 2 ilifuata tarehe 14.

Tuchukue mfano wa kubuni. Daftari linasema mtu alizikwa siku ya 8 ya mwezi wa 12, mwaka 1690. Mtafiti asiye na habari ataandika Desemba 1690. Kisha ataikuta hati ambayo mtu huyo aliitia sahihi Januari 1691 kwa hesabu ya leo, naye ataamua kwamba walikuwa watu wawili wa jina moja. Kumbe alizikwa Februari 1691, na mtu ni yule yule. Kosa la kusoma namba moja limempa ukoo babu asiyekuwako.

5. Waliotengwa na waliohama

Wakati mwingine jina hutoweka bila kaburi wala hati. Hapo inafaa kusoma kumbukumbu za Mkutano wa Mwezi. Mwanachama aliyeoa mbele ya kasisi, aliyeshika silaha au aliyefilisika kwa uzembe aliweza kutengwa, na sababu iliandikwa. Kutengwa kwa ajili ya kuoa nje kulikoma karibu na mwaka 1860. Aliyehama kwa amani alipewa cheti cha kuhama, kilichopokelewa na Mkutano wa makao mapya, hata ng'ambo ya bahari. Kwa upande wa Marekani, kamusi ya nasaba iliyoanza kutolewa na William Wade Hinshaw mwaka 1936 hukusanya habari za namna hiyo.

6. Hatima

Utaratibu, basi, ni huu: kuutambua Mkutano, kusoma muhtasari, kurejea daftari la asili, kugeuza tarehe kwa uangalifu, kisha tu kwenda uwanjani. Marafiki walifika Pemba mwaka 1897, Kaimosi nchini Kenya mwaka 1902 na Kibimba nchini Burundi mwaka 1934, na leo wako pia mashariki ya Kongo. Kwa hiyo maneno kama Mkutano wa Mwezi na Mkutano wa Mwaka yanasemwa kwa Kiswahili na watu walio hai. Anayetaka kuyafasiri madaftari ya kale hana haja ya kubuni istilahi nyingi. Ahakikishe tu kwamba Siku ya Kwanza haiwi Jumamosi.